Bolti Inayokazwa Mara Moja

Hedi imerudi kutoka kupigwa fesi, inang'aa. Gasketi mpya iko mezani, bado imo ndani ya nailoni yake. Bolti kumi zimeoshwa kwa petroli na kupangwa juu ya gazeti. Mwenye gari, ambaye tangu asubuhi anatajiwa bei moja baada ya nyingine, anaokota bolti moja na kuigeuzageuza.

"Fundi, hii nayo ina nini? Mbona nzima?"

"Kwa macho ni nzima, mama. Lakini hizi hazirudishwi."

"Nani kasema? Anayeuza spea?"

Mazungumzo ya namna hii husikika Gerezani, Dar es Salaam, husikika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, na mara nyingi mwenye gari hushinda. Fundi anainua mabega, anazirudisha zilezile. Mimi naona swali la mama lilikuwa la haki kabisa. Bolti haina mpasuko, meno yake hayajaliwa, haina kutu. Mtu anayeambiwa atupe chuma kizima anastahili maelezo, na gereji nyingi humpa jibu la mkato tu, kwamba "imechoka". Hapa nataka kumpa jibu lenyewe, maana likieleweka, ubishi wa bei unakwisha wenyewe.

Wengi tunadhani kazi ya bolti ni kushika. Kazi yake hasa ni kuvuta. Chukua injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1500 iliyomo kwenye IST, Probox na Fielder nyingi zinazokatiza barabara zetu. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 75. Katika injini ya petroli ya aina hii, isiyo na tabo, gari likikanyagwa mpaka mwisho, shinikizo la mlipuko hufika bar 60 hadi 80. Piga hesabu ya eneo la silinda na utakuta hedi inasukumwa juu kwa nguvu ya tani 3 hivi, tena hapo ni juu ya silinda moja tu. Injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika, silinda hiyo inapiga mara 25 kila sekunde.

Kama bolti zingekuwa zimeshika tu bila kuvuta, kila mlipuko ungeinyanyua hedi kidogo, hata kwa sehemu ya mia ya milimita. Gasketi ingebanwa na kuachiwa, ikabanwa tena na kuachiwa, mpaka iungue ukingoni na kupitisha gesi kwenye njia ya maji. Kwa hiyo bolti hukazwa hadi nguvu yao ya kubana iwe imeuzidi mlipuko kwa mbali kabla injini haijawashwa.

Nguvu hiyo inatoka kwenye kurefuka. Unapokaza bolti unairefusha, nayo inataka kurudi ilivyokuwa, na huko kutaka kurudi ndiko kunakobana hedi na bloku. Kanuni yake ni ya zamani. Mwingereza Robert Hooke aliichapisha mwaka 1678, baada ya kuificha kwa miaka miwili ndani ya fumbo la herufi zilizovurugwa ili asiibiwe: ukivuta mara mbili, kitu kinarefuka mara mbili, na ukiachia kinarudi.

Kinarudi, ila mpaka kiwango fulani. Tazama kichwa cha bolti ya injini na mara nyingi utasoma 10.9. Ile 10 inasema kwamba chuma hicho kinastahimili kuvutwa kwa nguvu ya newton 1000 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. Ile .9 inasema kwamba kwenye asilimia 90 ya nguvu hiyo, yaani newton 900, chuma kinaacha kumtii Hooke. Bolti ya milimita 10 yenye alama hiyo hufika mpaka wake ikiwa inavuta tani 5 na ushei. Kama sehemu inayovutwa ina urefu wa milimita 100, hapo itakuwa imerefuka chini kidogo ya nusu milimita. Ukiilegeza kabla ya mpaka, nusu milimita yote inarudi. Ukiupita mpaka, kuna sehemu ya urefu ambayo hairudi tena.

Wahandisi wa zamani walikaa mbali na mpaka huo. Bolti zao zilikuwa nene, zilikazwa kwa tahadhari, na ungeweza kuzifungua na kuzifunga miaka nenda miaka rudi. Anayezirudisha bolti za hedi za lori la miaka ya sitini hajakosea. Tatizo lao lilikuwa kwingine, na lazima nilieleze vizuri kwa sababu ndilo lililoleta bolti tunazobishania leo.

Tatizo ni msuguano. Fundi anapoivuta toki renchi mpaka ilie, anapima ugumu wa kuzungusha, hapimi nguvu ya kubana. Katika kila sehemu 100 za jasho lake, karibu 50 zinaliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, na 40 nyingine zinaliwa kwenye meno. Kinachobaki kurefusha bolti ni sehemu 10 hivi. Sasa fikiria bolti mbili zilizo jirani. Moja meno yake yana oili, nyingine imeingia kavu na ina vumbi la kutu. Renchi inalia kwenye namba ileile kwa zote mbili, na fundi anaridhika. Lakini ile kavu imekula nguvu nyingi zaidi kwenye msuguano, kwa hiyo inabana kidogo kuliko mwenzake, na kwa kukaza kwa toki peke yake tofauti ya robo nzima juu au chini ni jambo la kawaida. Fundi hana namna ya kuihisi, hata awe hodari vipi. Basi mhandisi alilazimika kuchagua namba ndogo ili bolti iliyolainika isipitilize, na kwa kufanya hivyo akaiacha ile kavu ikiwa legelege.

Ufumbuzi ulikuja kwa njia ya kupima kona badala ya ugumu. Unakaza kwanza kwa toki ndogo, ili tu vyuma vikutane sawasawa. Baada ya hapo unaiacha namba ya toki na kuizungusha bolti kwa digrii ulizoambiwa. Kwa ile 1NZ-FE maelekezo ni newton-mita 29, kisha digrii 90, kisha digrii 90 tena. Newton-mita 29 ni kitu kidogo, mtu mzima anaifikia bila kukunja uso. Kinachofuata ndicho kinachovuta. Meno ya bolti yana hatua maalumu, kwa hiyo robo mzunguko huisogeza bolti mbele kwa umbali unaojulikana, iwe kuna oili au kuna kutu. Msuguano unaweza kumtoa fundi jasho, lakini hauwezi kuubadilisha umbali.

Uzuri mkubwa zaidi uko mwishoni mwa mzunguko. Ukiwa umeshika mpini, kwenye robo ya kwanza unahisi uzito ukipanda kila unavyosogea. Kwenye robo ya pili, ukikaribia kumaliza, uzito unatulia; mkono unaendelea kwenda lakini bolti haiongezi ubishi. Fundi asiyeijua hali hii hushtuka akidhani meno yanang'oka. Ni chuma kilichofika mpakani na kuanza kuteleza ndani kwa ndani. Kuanzia hapo, hata bolti moja ikienda digrii chache zaidi ya nyingine, nguvu ya kubana haibadiliki sana. Bolti zote kumi zinavuta karibu sawa, na usawa huo ndio unaotakiwa na gasketi za siku hizi za mabati membamba ya chuma yaliyopangwa tabaka kwa tabaka, ambazo hazina unene wa kufidia bolti iliyolegea.

Joto nalo linahusika. Hedi ya alumini hutanuka karibu mara mbili ya bolti ya chuma kwa joto lilelile. Injini ikichemka kutoka baridi ya asubuhi hadi joto la kazi, hedi inanenepa na kuivuta bolti zaidi. Bolti iliyo mpakani hupokea mvuto huo bila kuzidisha sana nguvu ya kubana. Mara nyingi shina la bolti hizi huchongwa jembamba kwa makusudi, ili kurefuka kutandae kwenye urefu wote wa shina na kusijikusanye kwenye meno.

Basi hiyo ndiyo bolti ya kuvutika. Imetengenezwa ili irefuke moja kwa moja siku ya kwanza ya kazi, na imetumia sehemu ya urefu wake kubana hedi yako. Ukiifungua, ile sehemu inayomtii Hooke inarudi na ile iliyopita mpaka inabaki. Imefanya kazi iliyoagizwa, na aliyeiagiza aliikadiria kwa kukazwa mara moja.

Hapa neno "imechoka" linapotosha. Chuma kilichovutwa kupita mpaka huwa kigumu zaidi kuliko kilivyokuwa. Ungeivuta tena maabara, ungekuta mpaka wake umepanda kidogo. Kilichopungua ni uwezo wake wa kurefuka tena kabla ya kukatika. Aliyewahi kufunga nondo anakijua kitu hiki mkononi: ule waya laini wa kufungia ukiusokota unakaza vizuri, ukiongeza mzunguko mmoja unakaza zaidi, na ukiongeza tena unabaki na kipande kwenye koleo. Kabla ya mzunguko ule wa mwisho waya haukuonyesha dalili yoyote ya udhaifu. Ulikuwa umemaliza tu kile ulichokuwa nacho cha kutoa.

Zile digrii 90 na 90 zilipangwa kwa bolti mpya. Mhandisi alijua bolti ina urefu gani, chuma chake kina mpaka wapi, na meno yake ni laini kiasi gani, kisha akapanga kona itakayoifikisha mahali pake. Bolti iliyokwisha kuvutika imebadilika katika mambo yote matatu. Urefu umeongezeka, mpaka umehama, na meno yamekwaruzana chini ya tani 5 kiasi kwamba newton-mita 29 za mwanzo hazibani tena kama zilivyobana siku ile. Fundi anafuata kitabu hatua kwa hatua, na kitabu kinazungumzia bolti nyingine. Inaweza kutokea bolti ikakatika mkononi mwake, na hiyo ndiyo heri, kwa kuwa hasara inaonekana palepale. Inaweza pia kutengeneza kiuno, mahali pembamba kati ya shina na meno ambapo kurefuka kote kunaanza kujikusanya. Au inaweza kubana pungufu kuliko jirani zake, gari likatoka gereji likiwa zima, na miezi michache baadaye maji yakaanza kupungua kwenye rejeta bila kuonekana yanapovujia.

Kubana pungufu kuna ubaya mwingine usioonekana. Bolti iliyovutwa sawasawa haihisi sana mapigo ya mlipuko, kwa sababu vyuma inavyovibana ndivyo vinavyopokea sehemu kubwa ya mabadiliko ya mzigo. Bolti iliyolegea inapokea karibu kila pigo. Mhandisi wa reli wa Prussia, August Wöhler, alionyesha katika karne ya 19, kwa kujaribu ekseli za mabehewa, kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo sana kuliko nguvu yake, mradi mzigo huo urudiwe mara nyingi vya kutosha. Injini inarudia mapigo kwa mamilioni. Hapo sasa neno uchovu linapata mahali pake halali: linaipata bolti iliyofungwa tena vibaya, kidogo kidogo, barabarani.

Kwa hedi, hasara kwa kawaida ni gasketi, na pengine hedi yenyewe kupinda. Bolti za konrodi ni habari tofauti kabisa, na hapo mimi sina subira na ubishi wa bei. Pistoni ikifika juu mwishoni mwa kutoa moshi, hakuna mlipuko wa kuirudisha chini. Inavutwa na konrodi, na kifuniko cha konrodi kinashikwa na bolti mbili tu. Kwa injini ya ukubwa wa 1NZ-FE kwenye mizunguko 6000 kwa dakika, pistoni na vinavyopanda nayo vikiwa na gramu 400, mvuto huo unafika kama kilo 900, mara 50 kila sekunde. Bolti moja ikikatika, kifuniko kinafunguka, konrodi inabaki huru ndani ya kranki inayozunguka, na kinachofuata ni tundu kwenye bloku. Injini ya namna hiyo haitengenezwi. Bolti mbili ndogo, ambazo bei yake haifiki hata ya seti ya ringi, zimekula injini nzima.

Wapo watakaonijibu kwamba jirani yao alizirudisha na gari linatembea hadi leo. Nawaamini. Bolti nyingi zina akiba kuliko ile iliyotumika mara ya kwanza, na baadhi ya watengenezaji wenyewe wanalikubali hilo kwa masharti. Mercedes, kwa zile dizeli zake imara za OM602 na OM603, iliruhusu bolti ya hedi iliyoanza na urefu wa milimita 115 irudishwe iwapo haijapita milimita 118.6. Toyota nayo, kwa injini zake kadhaa, hutoa kipimo cha urefu au cha wembamba wa shina ambacho bolti haitakiwi kukivuka. Volkswagen kwa 1.9 TDI haitoi ruhusa hiyo: 40, 60, digrii 90, digrii 90, na bolti mpya kila mara. BMW ilikwenda mbali zaidi. Kwenye injini ya N52, ambayo bloku yake ina magnesi, ilitumia bolti za alumini, kwa sababu chuma kikigusana na magnesi penye unyevu magnesi inaliwa. Bolti hizo hutumika mara moja tu, hakuna kupima.

Kwa hiyo sheria ni kitabu cha injini husika. Kikisema pima, basi pima kwa venia, kila bolti peke yake, na usikubali kipimo cha jicho. Tena si kila bolti inayokazwa kwa digrii imepitishwa mpaka. Nyingine hupimwa kwa kona lakini hubaki upande salama. Pasipokuwa na kitabu, mimi nashika upande wa bolti mpya, na sababu yangu ni ya huku kwetu hasa. Magari yetu mengi, na injini nyingi zinazouzwa peke yake, zimekuja zikiwa zimetumika kwingine. Hakuna anayejua hedi ya injini hiyo imefunguliwa mara ngapi na watu wangapi kabla ya kushuka bandarini. Bolti haina alama ya kuhesabu. Yule jirani alizirudisha mara ya kwanza, labda. Zako huenda zilikwisha kurudishwa na mtu usiyemjua, kwenye nchi usiyoijua, na zamu yako ndiyo ule mzunguko wa mwisho wa waya.

Bolti mpya nazo zinataka macho. Soko letu lina bandia, na bolti bandia yenye 10.9 kichwani ni mbaya kuliko ya zamani iliyopimwa. Nunua seti pamoja na gasketi, kwa namba ya injini, kwenye duka litakalokuandikia risiti. Linganisha urefu, unene wa shina na hatua ya meno na zile zilizotoka. Bora zaidi, weka bei ya bolti kwenye mapatano tangu siku ya kwanza, kabla hedi haijashushwa, kwa kuwa ubishi huanza pale mwenye gari anapodhani tayari amemaliza kulipa.

Kwenye kufunga, kosa linaloumiza zaidi ni mashimo machafu. Shimo la bolti ya hedi kwenye bloku mara nyingi halitokezi upande wa pili. Likibaki na oili au maji chini, bolti inashuka na kuibana ile oili isiyo na pa kwenda. Renchi inalia, digrii zinatimia, na kumbe bolti imesimama juu ya maji, au bloku imepasuka. Mashimo yasafishwe na kupulizwa kwa kompresa hadi yakauke. Baada ya hapo, tone la oili kwenye meno na chini ya kichwa, kama kitabu kinavyoagiza, lisizidi. Kazi huanzia katikati ya hedi kwenda nje, kwa mpangilio uliochorwa. Kabla ya kuanza digrii, weka nukta ya rangi upande uleule wa kila kichwa cha bolti. Baada ya digrii 90 za kwanza nukta zote zitakuwa zimegeuka robo, baada ya za pili zitatazama upande wa pili, na mwenye gari aliyesimama pembeni anaweza kuhakikisha mwenyewe kwamba hakuna iliyorukwa.

Wazee wa gereji walifundishwa kuirudia hedi baada ya kilomita 1000: injini ipoe, mfuniko ufunguliwe, kila bolti iongezwe kidogo. Kwa gasketi za zamani zilizokuwa zikilala zikizoea, ilikuwa kazi ya lazima na waliifanya kwa uangalifu. Kwa bolti za kuvutika, isipokuwa kitabu cha injini hiyo kinaagiza hivyo, mtu akikuambia ulete gari baada ya wiki mbili akaze tena hedi, mshukuru na umwombe aziache zilivyo.